Laki Moja Katika Soko la Ludara

Mwaka 1914 nchi ya Ludara, pamoja na Koboko na Arua, ambayo kwanza ilikuwa sehemu ya Lado iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha kuanzia 1910 ikawa chini ya Sudani, ilitiwa ndani ya mipaka ya Uganda. Sarafu ya himaya wakati huo ilikuwa rupia, yenye senti mia, na senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, hata mtu akaweza kuzitunga uzini kama Waganda walivyokuwa wakitunga simbi, mia kwa mia. Shilingi ilipochukua mahali pa rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920, mkulima aliyeipata mia kwa taabu hakuwa na haja ya kutaja laki.

Lakini adadi ina tabia zake, hata asipokuwapo wa kuitumia. Mbili tano na tano tano, zikizidishwa zote pamoja, ndizo laki. Kwa sababu hiyo ina vigawo 36, na ukivijumlisha vyote isipokuwa laki yenyewe unapata 146,078. Thabit ibn Qurra wa Harran, aliyefariki Baghdad mwaka 901, na ambaye ndiye aliyekitia katika Kiarabu kitabu cha hesabu cha Nicomachus wa Gerasa, angeiweka miongoni mwa zile zilizozidi, yaani zile ambazo jumla ya vigawo vyake inazipita zenyewe; maana wataalamu wa zama zile waligawa namba katika daraja tatu, zilizopungua, zilizotimia kama 6 na 28, na zilizozidi. Hatua tatu tu mbele ya laki iko 100,003, namba tasa, isiyokubali kugawanywa ila kwa moja na kwa nafsi yake.

Ukarimu huo wa laki una mpaka. Watu 32 wataigawana 3,125 kila mmoja, bila kubaki kitu. Bali ndugu watatu waliouza tumbaku yao pamoja watapata 33,000 kila mmoja, na elfu moja inayobaki aghalabu hununuliwa sukari ya nyumba.

Mwezi wa Mei 1987, wakati watu wengi wa West Nile, mkoa ulimo Ludara, walikuwa wamerudi karibuni kutoka ukimbizini Sudani na Zaire, serikali ilitoa shilingi mpya, moja kwa mia za zamani, na ikakata ushuru wa asilimia 30 katika kubadilisha. Basi aliyepeleka laki taslimu alipokea 700. Namba hiyo ina vigawo 18, nusu ya vile vya laki, na hata hivyo yagawanyika kwa saba, jambo ambalo laki haikuliweza kamwe. Kwa mjane aliyerudi na akiba yake yote fundoni, sifa hiyo haikuwa fidia ya sehemu tatu katika kila kumi alizokatwa.