Kadi ya Mathe

Mathe ana mkoba mmoja ambao hakuna mtu anaruhusiwa kuupekua. Ndani kuna cheti changu cha kuzaliwa na kadi ya kliniki iliyokunjwa hadi ikakaribia kukatika katikati. BCG, polio, surua: kila chanjo na tarehe yake. Tulihama mara mbili kabla sijaanza kutembea. Faili za kliniki zilibaki huko nyuma. Kadi ilikuja nasi.

Kadi hiyo ina ukoo mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Mwingereza David Morley alifanya kazi Imesi, kijiji cha magharibi mwa Nigeria. Alibuni kadi ya kufuatilia ukuaji na chanjo za mtoto, kisha badala ya kuifungia kabatini, akampa mama aende nayo nyumbani. Wazo likasambaa. WHO ilianzisha mpango wake wa chanjo duniani 1974, na Kenya ikaanzisha KEPI 1980.

Leo nesi akishadunga mtoto, huandika kwenye kijitabu cha mama, kwenye rejista ya kliniki, halafu anachora kijistari kwenye karatasi ya kuhesabia. Mwisho wa mwezi vijistari hujumlishwa. Tangu 2011 jumla hizo huingia DHIS2, mfumo wa kompyuta ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na Nairobi inaweza kuona kliniki za Busia au Lamu bila kusubiri lori la makaratasi.

Shida ni kwamba jumla haina jina. Jirani yetu alitoka Busia na mtoto wa miezi minane, na kabla hata hajazoea mtaa, nyumba ikaungua. Kijitabu kikaenda na moto. Kliniki ya hapa ikamuuliza: alipata Penta ngapi? Akajaribu kukumbuka, akashindwa. Nesi akageuza mkono wa kushoto wa mtoto, akaona kovu la BCG. Hizo zingine haziachi alama. Ikabidi aanze upya.

Na jibu lilikuwepo, bana. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye rejista ya Busia. Kwenye kompyuta, yule mtoto alikuwa amehesabiwa vizuri kabisa, ila hakuna aliyeweza kumtafuta kwa jina.

Tukidai mfumo wa pamoja, basi tudai huo: unaomjua mtoto popote anapohamia, na unaomlindia siri zake. Kwa sasa, mkoba wa mathe haupekuliwi.