Fahari ya Mwalimu katika Mji wa Tabora

Mji wa Tabora, uliokuwa makutano ya misafara ya pembe za ndovu baina ya Bagamoyo, Ujiji na nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aghalabu hutajwa katika tarikhi kwa ajili ya biashara yake na misiba iliyofuatana na biashara hiyo. Lakini njia ile ya kale ilituachia urithi mwingine, nao ni sanaa ya maneno, ambayo kwangu mimi ina thamani kupita pembe zote zilizowahi kupakiwa pwani.

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliohesabu safari ya pwani kuwa ndiyo shahada ya utu uzima wa kijana, walikwenda wakiimba. Kirangozi alitangulia na bendera, akatoa wimbo, na nyuma yake mlolongo mzima wa wenye mizigo ukaitikia. Na kijana aliyetoka kwao mara ya kwanza alijifunza nyimbo za njia kwa kuitikia pamoja na wakubwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikwisha kuwapo Waarabu na watu wa pwani waliolowea huko, na Kiswahili kilikuwa kimeingia bara kwa miguu ya wasafiri, kabla serikali yoyote ya kigeni haijakitia katika vitabu vya shule.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, mizigo ikatoka vichwani mwa watu. Na mwaka 1922, chini ya Waingereza, ikafunguliwa Shule ya Tabora, iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu. Huko aliingia, mwaka 1937, Kambarage Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, alikofundishwa na Mwalimu James Irenge. Elimu ya Tabora ilikuwa kwa Kiingereza, na lau kijana angalikuwa mwigaji tu, angalitoka pale na ufasaha wa kuazima. Hasha, hakuwa hivyo. Kwani alipokuwa Makerere, baina ya 1943 na 1945, alichukua fikra za John Stuart Mill juu ya haki za wanawake, akazipima kwa maisha ya mama zake wa Kizanaki, akaandika insha iliyompatia tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1946 alirejea Tabora naye akiwa mwalimu, katika shule ya St. Mary's ya Mapadri Weupe, iliyokuwa chini ya Padri Richard Walsh. Padri huyo alitambua kipaji cha mwalimu wake kijana, akamhimiza aende kuongeza elimu, hata mwaka 1949 akasafiri kwenda Edinburgh. Mkuu wa shule anayekubali kumpoteza mwalimu hodari ili akue zaidi amekwisha kutuonyesha fahari yake, hata asipoitamka.

Matunda ya malezi hayo yalionekana mwaka 1963, Nyerere, ambaye sasa alikuwa Rais, alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na tena mwaka 1969 alipotoa Mabepari wa Venisi. Alithubutu kuyaweka maneno ya Shakespeare katika mistari isiyofungwa na vina, jambo geni kwa masikio yaliyolelewa na utenzi na shairi la pwani, akaithibitisha lugha iliyobebwa na wapagazi kuwa yaweza kubeba lolote. Mwalimu Irenge aliishi hata akamwona mtoto wa Mwisenge akiongoza nchi, akiitwa kwa jina lile lile la kazi, Mwalimu.

Naam, fahari ya kweli ya mwalimu ni kumwona mwanafunzi akiichukua sanaa aliyofunzwa ugenini na kuwatumikia kwayo watu wake. Kwa hiyo nawasihi walimu wetu, wa Tabora na wa kwingineko, wasimpime mtoto kwa mtihani peke yake. Wampe ubeti aufasiri, insha aitunge, na mchezo auigize mbele ya wenziwe. Na akiwapita kwa ufasaha, wamshukuru Mungu, kwani hapo ndipo kazi yao imetimia.