Zizi Lililogeuzwa Pango: Mashimo ya Wasirikwa na Wajuzi Wake

Tulitoka Ziwa kabla ya jua kuchomoza, basi limejaa wanafunzi, tukashika njia ya Kitale. Safari ilikuwa ya siku moja: makumbusho ya Kitale asubuhi, kisha Endebess, lango la Chorlim, na hatimaye pango la Kitum ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Jioni, tukirudi, tungesimama kwenye shamba moja karibu na nyumbani ambalo bado lina yale mashimo ambayo watu wa Uasin Gishu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Mpango ulikuwa mzuri. Ila mwelekezi wetu, kijana hodari mwenye sauti ya kufika nyuma ya kundi, aliviunganisha vituo hivyo kwa maneno yaliyonikaa moyoni kutwa nzima. Alisema Wasirikwa walikuwa watu wa mapangoni, na walipoteremka uwandani kusiko na mapango, wakajichimbia mashimo ya kulala.

Simlaumu kijana huyo. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Ni urithi wa vitabu vya zamani, na yamekaririwa kiasi cha kuwaingia hata watoto wa Ziwa, mahali ambapo wengi bado hupaita Ziwa Sirikwa. Ni makosa, na ni makosa yenye historia yake. Nataka kuieleza historia hiyo kwa urefu, kwa sababu mwenye kumfanya mfugaji kuwa mkazi wa shimo amemvua mengi zaidi ya nyumba.

Tuanze na mapango, maana huko watu waliishi kweli. Mskoti Joseph Thomson alifika Elgon mwishoni mwa 1883 akawakuta Wakony wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao: vibanda ndani, maghala ya nafaka ndani, na ua wa magogo mdomoni mwa pango kuzuia maadui. Alishangaa, na mshangao wake ukamtoa njiani. Wenyeji walimwambia kwamba mapango yale ni kazi ya Mungu. Yeye, katika kitabu chake cha 1885, akaandika kwamba bila shaka yalichongwa zamani sana na taifa lenye nguvu na ustaarabu lililokuwa likitafuta vito au madini, na akajiuliza kama Wamisri walifika kusini hivyo.

Leo tunajua waliokuwa karibu na ukweli ni akina nani. Elgon ni mlima wa volkano, na miamba yake ya majivu na mawe yaliyogandamana ina chumvi. Maji yaliianza kazi. Tembo wakaiendeleza: huingia Kitum gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, wakavunja kuta kwa pembe na kusaga vipande vya mwamba ili wapate chumvi. Wafugaji nao walichokoa chumvi hiyo kwa ajili ya mifugo. Wanafunzi wetu walizigusa alama za pembe ukutani kwa mikono yao. Katika kazi yote hiyo Mmisri hahitajiki.

Nimemtaja Thomson kwa sababu ndiye aliyeonyesha mkondo. Amesimama mbele ya watu wanaoishi mahali, anayo majibu yao, kisha anayaacha na kumtafuta mwenyeji mwingine, wa kale na aliyepotea, anayestahili zaidi kazi iliyo mbele yake. Miaka hamsini baadaye mkondo huohuo ulishuka kutoka mlimani hadi uwandani kwetu.

Habari za uwanda wenyewe wasomaji wanazijua, basi nitazipitia mbio. Wamasai wa Uasin Gishu, walioliacha jina lao hapa, walishindwa na kutawanywa katika karne ya 19. Waingereza walipofika waliuona uwanda wa nyasi tele na watu wachache, wakauita mtupu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain aliwaahidi Wazayuni ardhi katika nyanda hizi. Tume yao ya watu watatu ikapita hapa kati ya mwisho wa 1904 na mwanzo wa 1905, na mkutano wao wa 1905 ukaikataa ahadi. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya maksai, na mji uliomea kwenye shamba nambari 64 ndio huu wa Eldoret, ambao wazee bado huuita Sisibo. Wote hao walipita, walipiga kambi na kulima katikati ya mashimo. Yalikuwapo kwa mamia, miteremkoni, mengi yamezungushiwa kuta za mawe. Uwanda mtupu haujengi kuta za mawe.

Ndipo lilipozuka swali: nani aliyajenga? Jibu lililovuma zaidi lilitoka kwa G. W. B. Huntingford, Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Wanandi, akajifunza lugha yao na kuandika mengi juu yao. Mwaka 1933 alichapisha katika jarida la Antiquity makala juu ya alichokiita ustaarabu wa Azania. Aliyakusanya mashimo, kuta za mawe, matuta ya milimani, mifereji na njia za kale, vitu vya mahali mbalimbali na nyakati mbalimbali, akavifunga katika furushi moja na kulipa mwenyewe mmoja: taifa la Wahamitiki kutoka kaskazini, lililostawi kisha likatoweka kabla ya watu wa leo kufika. Jina la Azania lenyewe alilitoa katika maandishi ya kale ya mabaharia wa Kigiriki, ambamo lilihusu pwani, wala si nyanda za ng'ombe za bara.

Nimeisoma makala hiyo mara kadhaa, na kila mara subira yangu hupungua. Huntingford aliishi na Wanandi. Aliyajua masimulizi yao juu ya Wasirikwa. Angeweza kuwauliza wazee mashimo yalikuwa ya nini na kulipima jibu lao kwa jembe. Badala yake aliifuata fikra iliyotawala zama zake, ambayo C. G. Seligman aliieneza katika kitabu chake cha 1930, kwamba kila kilicho bora Afrika kililetwa na Wahamitiki. Tazama pia mwaka wenyewe. Kati ya 1932 na 1934 Tume ya Ardhi ya Carter ilikuwa ikisikiliza madai ya Waafrika waliopokonywa ardhi, wakiwamo Wakony waliodai sehemu ya Trans Nzoia. Sisemi makala iliandikwa ili kuwasaidia walowezi. Nasema iliwafaa: kama waliojenga wametoweka, basi wanaodai nao ni wapita njia kama mlowezi mwenyewe, wamemtangulia kwa siku chache tu.

Mary Leakey anastahili kusemwa kwa upole zaidi. Alichimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938, kwa uangalifu ambao wengi kabla yake hawakuwa nao, na mlima ule ukatangazwa mnara wa kitaifa mwaka 1943. Ila naye aliyaona mashimo kuwa makao ya watu, nyumba zilizozama ardhini. Hapo ndipo maneno ya kijana wetu yalipopata nguvu ya sayansi.

Aliyeuvunja msingi wa hadithi hii ni mwanaakiolojia John Sutton. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alizunguka nyanda za magharibi akipima mashimo, akichimba na kuuliza, na kitabu chake cha 1973 juu ya akiolojia ya nyanda hizo ndicho chanzo ambacho ningependa kila mwelekezi akisome kabla ya kupanda basi. Merrick Posnansky alikuwa amekwisha kuchimba Lanet, nako dalili zilielekea upande huohuo. Sutton alianza na jambo ambalo wazee walikuwa wakilisema muda wote: ndani ya shimo walilala ng'ombe.

Yafuatayo ndiyo udongo ulivyothibitisha. Zizi lilichimbwa kwenye mteremko, upana wa mita kumi au zaidi, na nyanda hizi zenye mawe zililipa ukuta wa mawe; kusiko na mawe palizungushiwa ua wa miti. Mlango ulikuwa mmoja, mwembamba, upande wa chini wa mteremko. Kila mvua iliponyesha, samadi na tope vilikwanguliwa na kutupwa nje ya mlango, mwaka baada ya mwaka, hata sakafu ikazidi kushuka na nje kukaota kichuguu. Kichuguu hicho bado kinaonekana mbele ya mashimo mengi. Shimo, basi, limechimbwa nusu na jembe na nusu na usafi wa kila siku wa mfugaji.

Na watu? Waliishi katika nyumba ya duara iliyojengwa ubavuni mwa zizi, yenye paa lake, juu ya ardhi. Nyumba haikuwa na mlango wa nje. Ili uingie ulipita kwanza lango la zizi, kisha katikati ya mifugo, kisha ujia mfupi. Mwizi wa ng'ombe alilazimika kuingia kwa tundu lilelile analotokea mwenye mali, na mwenye mali yu macho. Huo ni usanifu wa watu waliokaa wakafikiri juu ya baridi, mvua na uvamizi wa usiku, wakayajibu yote matatu kwa jengo moja. Lilitumika katika nyanda za magharibi na Bonde la Ufa kuanzia karibu 1200 hadi karibu 1800. Liliachwa vita vilipobadilika: zizi la familia moja liliweza kuwazuia wezi wachache, lakini si kikosi kizima cha morani.

Baadaye David Kyule wa Chuo Kikuu cha Nairobi alirudi Hyrax Hill, na kazi yake iliyochapishwa mwaka 1997 iliichunguza mifupa ya mifugo. Uchumi alioukuta ni wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na maziwa yakiwa nguzo yake. Mtu wa Eldoret, mji unaowapokea wanariadha wake kwa kibuyu cha maziwa ya mursik, hahitaji kufafanuliwa maana ya habari hiyo.

Kuna wanaosema nayategemea mno masimulizi ya wazee, kwamba kumbukumbu ya mdomo hupotoka. Hupotoka, ndiyo, na maandishi pia. Ila majina na matumizi ya vitu hushika kuliko tunavyodhani. Shuka Kisumu uulize njia ya hospitali kuu ya rufaa. Ukisema Jaramogi Oginga Odinga utaeleweka. Ukisema "Russia" utaonyeshwa kwa kidole. Muungano wa Kisovieti uliijenga kutokana na makubaliano ya 1964, Odinga akiwa kiungo na Moscow. Jomo Kenyatta alipoifungua tarehe 25 Oktoba 1969, Odinga alikuwa mpinzani, siku ikaishia kwa risasi na maiti, na baada ya siku chache chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kutaka jina hilo lisahauliwe. Hospitali imebadilishiwa jina rasmi zaidi ya mara moja, na Muungano wa Kisovieti wenyewe ulivunjika mwaka 1991, lakini mama anayembeba mtoto mwenye homa bado anasema anakwenda Russia. Watu hukumbuka nani alijenga na nini kilitendeka pale. Kama Kisumu imelishika jina hilo bila msaada wa kibao cha serikali, kwa nini wazee wa Kikalenjin wasiaminiwe wanaposema hili lilikuwa zizi?

Wasirikwa walikuwa nani hasa? Ziko koo miongoni mwa Wapokot, Wasengwer, Wamarakwet, Wakeiyo na Wanandi zinazosema zimetokana nao. Masimulizi mengine yanasema walisukumwa na Wamasai wakahamia kusini. Sutton kwanza aliwaona kuwa Wakalenjin wenyewe kabla ya kubadili namna ya kufuga, baadaye akalegeza kauli yake. Mimi naona masimulizi haya hayapingani. Watu wengine waliondoka, wengi wakabaki, wakaoana na waliokuja, wakawa majirani zetu na sisi wenyewe. Taifa lililopotea la Huntingford lilipotelea ndani ya makala yake tu.

Kinachopotea kweli ni mashimo. Trekta hupita, mawe ya ukuta huishia kwenye misingi ya nyumba mpya, shimo hufukiwa ili mahindi yapate mstari ulionyooka. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ipo, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya utamaduni na makumbusho. Kibao kimoja kando ya shamba, chenye neno "zizi", kingetosha kuanzia. Mwenye shamba anayejua kwamba hilo ni boma la mababu atafikiri mara mbili kabla ya kugeuza plau. Anayeambiwa ni tundu la watu wa porini hana sababu ya kusita.

Tulifika shambani jua likielekea kuzama. Mashimo yalikuwa manne, nyasi zimeyajaa, mawe yakichungulia ukingoni. Sikuwahubiria wanafunzi lolote kati ya haya. Niliwaomba tu waingie katika lile kubwa wanionyeshe mlango ulikuwa upande gani. Walizunguka, wakabishana. Kisha msichana mmoja ambaye kwao wanafuga akaenda moja kwa moja upande wa chini, akasimama palipobonyea ukuta, mbele ya kichuguu. "Ni hapa," akasema. "Ukiweka mlango juu, mvua itakuingilia, na samadi utaitolea wapi?" Mwelekezi wetu alimfuata, akainama, akaligusa jiwe la mlangoni. Kisha akaniuliza kitabu cha Sutton kinapatikana wapi.