Ikama

Ikama ni idadi ya watumishi ambao taasisi inawahitaji na imeidhinishiwa kuwa nao, kwa kada na vyeo. Nchini Tanzania, taasisi za umma huiandaa kila mwaka sambamba na bajeti ya mishahara. Wanaoondoka kwa kustaafu ni rahisi kuwahesabu: umri wa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, hivyo muuguzi aliyezaliwa 1970 anajulikana mapema kuwa ataondoka 2030. Ugumu uko kwa warithi. Daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na ubingwa huongeza mitatu au zaidi. Pengo likionekana leo, tumeshachelewa kuliziba.

Tanganyika ilikutana na tatizo hili mara tu baada ya uhuru wa 1961. Mpango wa Miaka Mitano wa 1964–1969 ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo 1980, na nafasi za masomo zikaelekezwa kwenye fani zenye upungufu.

Siku hizi nafasi nyingi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, baada ya kibali cha ajira kutolewa. Bila fungu la mishahara kibali hakitarajiwi, hata kama upungufu uko wazi.