Kisutu na Saini za Wakubwa

Mei Mosi ya 1995, kule Mbeya, Mwalimu Nyerere aliwasimulia wafanyakazi jinsi serikali yake ilivyopambana na rushwa ilipokuwa bado changa. Ukipatikana na hatia, hakimu hakuwa na njia ya kukuhurumia. Ulikwenda jela si chini ya miaka miwili, na juu yake viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka, ukamwonyeshe mkeo. Watu walicheka. Hotuba ile bado inarudiwa redioni, na kila ikirudiwa nasikia watu wazima wakiomba viboko virudi.

Mimi siombi. Nilikulia kijijini ambako karani wa chama cha ushirika alipigwa viboko hivyo. Sheria ile ya 1963 ya adhabu za chini haikuwalenga wala rushwa peke yao, iliwagusa pia walioiba mali ya umma na ya ushirika, na fedha za wakulima zilikuwa zimepotea kweli mikononi mwake. Sikumwonea huruma kwa kosa. Lakini baada ya kurudi hakukaa tena barazani na wazee wenzake, na watoto wake waliitwa kwa jina la adhabu ya baba yao. Nilipokuja kuwa mwandishi wa habari za mahakama Dar es Salaam nikaanza kujiuliza swali ambalo hotuba ile hailijibu: viboko vile viliwapata akina nani? Niliowajua mimi walikuwa karani, mtunza stoo, mpima pamba. Mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha sikumjua hata mmoja.

Mwaka 1972 sheria iliandikwa upya na viboko vikaondolewa. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na hapo ndipo tulipokwenda kombo zaidi. Liliundwa baraza maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili, wala hakuwa na pa kukata rufaa. Nchi ilikuwa na njaa ya sabuni na sukari, hivyo wengi walishangilia. Haikupita miaka miwili, 1984 serikali yenyewe ikatunga sheria nyingine na kuyarudisha makosa hayo Mahakama Kuu. Kisha 1996 Tume ya Jaji Warioba ikamkabidhi Rais Mkapa ripoti nene iliyoonyesha kwamba rushwa ilikuwa imepanda ngazi zote. Ripoti ilisomwa sana. Watu wakasubiri.

Walisubiri mpaka 2008. Mwanzoni mwa mwaka ule Gavana wa Benki Kuu aliondolewa kwa sababu ya fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilizolipwa kwa kampuni 22. Kuanzia hapo mlango wa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ukaanza kupitisha watu ambao tulizoea kuwaona kwenye picha za ukutani.

Msidhani Kisutu ya miaka ile ilikuwa jengo la fahari. Lilikuwa kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katikati ya kelele za magari, na asubuhi karandinga lilileta mahabusu wa kila aina: aliyekwapua simu, aliyekutwa na bangi, aliyegombana na mwenye nyumba. Ndugu zao walisubiri nje. Hazina, Benki Kuu na wizara nyingi zilikuwa jirani, mwendo wa miguu, hivyo kosa la ofisini liliangukia hapo hapo lilipoangukia la mtaani. Jambo hilo lilinigusa kuliko hukumu nyingi nilizoandika. Kizimba kilikuwa kile kile.

Novemba 2008 walipandishwa humo Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu Hazina, aliunganishwa nao. Kesi ilihusu dhahabu, lakini hakuna aliyedai kwamba waliichukua. Mwaka 2003 serikali iliipa kampuni ya Alex Stewart kazi ya kukagua uzalishaji wa dhahabu migodini, kisha kampuni hiyo ikasamehewa kodi kwa matangazo ya serikali, ilhali Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeshauri isisamehewe. Hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 11.7.

Mhariri wangu aliniuliza kila nilipoleta habari: wameiba ngapi? Nilimjibu kwamba hati ya mashtaka haisemi waliweka fedha mfukoni. Inasema walitumia vibaya madaraka na kuitia serikali hasara. Aliona habari imepoa. Mtaani pia walitaka mwizi. Mramba alikuwa akikumbukwa kwa maneno aliyohusishwa nayo kuhusu wananchi kula nyasi ili ndege ya rais inunuliwe, na wengi walitaka afungwe kwa hayo. Nashukuru mahakama haikumhukumu kwa maneno. Ilikaa na barua, madokezo na ushauri wa wataalamu ambao haukufuatwa: karatasi hii iliandikwa lini, nani aliisoma, nani alisaini.

Kazi hiyo ni ya polepole na inachosha. Wapiga kura wa Rombo, jimbo la Mramba, hawakuingoja. Uchaguzi wa 2010 ulifika kesi ikiendelea, chama chake kikamsimamisha Mramba, nao wakamchagua Joseph Selasini wa Chadema. Ilikuwa haki yao, kwa kuwa mpiga kura hahitaji ushahidi usioacha shaka. Hakimu anauhitaji, na kwa sababu hiyo hukumu ilitoka Julai 6, 2015, karibu miaka saba tangu siku ya kwanza. Mramba na Yona wakatiwa hatiani, kifungo miaka mitatu. Mgonja akaachiwa. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikapunguza kifungo hadi miaka miwili.

Kabla yao alikuwa ametangulia Amatus Liyumba, mkurugenzi wa utumishi na utawala wa Benki Kuu, katika kesi ya yale majengo pacha ya benki. Hasara iliyotajwa mwanzoni ilikuwa shilingi bilioni 221, namba iliyojaza kurasa zetu za mbele. Mwisho wa yote, Mei 2010, alifungwa miaka miwili kwa kutumia vibaya madaraka. Mwaka uliofuata, katika mashauri ya EPA, Rajabu Maranda, mweka hazina wa CCM Kigoma, alihukumiwa miaka mitano.

Siku ambayo naiweka juu ya zote, hata hivyo, haikuwa ya kufunga mtu. Profesa Costa Mahalu, aliyekuwa balozi wetu Italia, alishtakiwa kwa ununuzi wa jengo la ubalozi mjini Rome. Mei 2012 Benjamin Mkapa, rais mstaafu, alikuja Kisutu kumtetea, akaapa na kutoa ushahidi kama shahidi mwingine yeyote. Katiba yetu, ibara ya 46, inamkinga rais aliyestaafu asishtakiwe kwa aliyoyafanya kama rais, kinga ambayo kwangu ni pana mno. Lakini siku ile mkuu wa nchi mstaafu aliulizwa maswali na wakili wa Jamhuri, na hakimu akaandika majibu. Agosti Mahalu aliachiwa huru. Kuna waliosema kesi zote ni maigizo, kwa kuwa wakubwa wanalindana. Mimi naiona kinyume. Baraza la 1983 lilitufundisha thamani ya hukumu inayotolewa mahali ambapo mshtakiwa hana pa kupumulia. Hukumu ya Mramba naiamini kwa sababu jengo hilo hilo lilikuwa limemwachia Mahalu, na kwa sababu siku hiyo hiyo Mgonja alikwenda nyumbani.

Februari 2016 Mramba na Yona walitolewa gerezani kumalizia kifungo cha nje, kwa sheria ya huduma kwa jamii ya 2002, ambayo iko wazi kwa mfungwa yeyote wa miaka mitatu kwenda chini. Walipangiwa kufanya usafi hospitali ya Sinza Palestina, saa nne kwa siku. Picha zao zilisambaa nchi nzima. Wengine walikasirika kwamba adhabu ni nyepesi, wengine kwamba wazee waliovuka miaka 70 wamedhalilishwa. Nilimkumbuka yule karani wa ushirika. Mawaziri hawa walikuwa wametia serikali hasara ambayo yeye asingeweza hata kuihesabu, na hakuna aliyewavua nguo. Sitaki tuwapige. Nataka karani wa leo apate kipimo walichopata wao: wakili, rufaa, na miaka ya kusikilizwa. Wangapi wamelala gereza la Segerea miaka kwa sababu upelelezi haujakamilika, na hakuna gazeti lililowataja? Mramba alifariki Agosti 2021.

Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilikifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Katika miaka ninayoisimulia mashahidi wengi walizungumza Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, nasi waandishi tukakirudisha Kiswahili usiku, kwa haraka, tukipunguza hoja na kubakiza kiasi cha fedha. Ndiyo maana wananchi wanakumbuka ufagio wa Sinza na hawakumbuki kwa nini waziri alipatikana na hatia. Naomba Mahakama itafsiri hukumu ya Mramba na Yona, na ile ya Mahalu, ukurasa kwa ukurasa, na nakala zipelekwe kwa kila waziri, katibu mkuu na mkurugenzi wa halmashauri wiki anayoapishwa au kuteuliwa. Waanze na Hazina, kwa kuwa matangazo ya misamaha ya kodi bado yanasainiwa huko.