Mjusi wa Kimboza na jina lililoandikwa kwenye kibali

Barabara ya Morogoro kwenda Kisaki ikishapita Mkuyuni na kuingia upande wa Matombo, milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kulia, inapita jirani na msitu mdogo uliokaa juu ya mawe ya chokaa. Unaitwa Kimboza, na eneo lake ni hekta 400 hivi. Humo, kwenye mikadi yenye majani marefu ya miiba, kuna mjusi asiyezidi urefu wa kidole. Dume ni buluu inayong'aa, jike ni kijani. Ukiacha Kimboza, Ruvu na vipande vichache vya msitu vilivyo karibu, haishi porini pengine popote duniani. Lakini kuanzia 2004 hivi wapenzi wa mijusi wa Ulaya walianza kumnunua kama ua la dukani, na wengi wao waliamini kwamba amefika kwao kihalali.

Kuamini hivyo kulikuwa rahisi, kwa sababu mtambaazi anayesafirishwa hai huwa na karatasi nyingi kuliko abiria. Anatakiwa kuwa na kibali cha kukamatwa, kibali cha kutoka nchini, cheti cha daktari wa mifugo na hati ya mzigo ya shirika la ndege. Hawezi kupita posta, maana kanuni za posta za kimataifa zinaruhusu viumbe hai wachache tu, kama nyuki, ruba na viwavi vya hariri. Kwa hiyo anakwenda kama shehena ya ndege, kwa kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Mijusi na vinyonga hutengwa mmoja mmoja kwenye vifuko vya kitambaa au vikopo vilivyotobolewa, nyoka hufungwa kwenye mfuko wa kitambaa, kisha wote hupangwa ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna wanyama hai na kuchorwa mishale ya kuonyesha upande wa juu.

Sanduku hilo likikaguliwa uwanja wa ndege, kinachosomwa kwanza ni jina la mnyama. Hapo ndipo historia ya biashara hii ilipopata ufa.

Watambaazi wa Uluguru walianza kuondoka wakiwa wafu. Mjerumani Franz Stuhlmann alipita milimani humo mwaka 1894, na huko Berlin mtaalamu Gustav Tornier akawa anaandika habari za watambaazi wa koloni lote la Wajerumani, wakiwa wamelowekwa kwenye chupa za spiriti. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia akaja Mwingereza Arthur Loveridge, aliyewahi kuwa bwana nyama msaidizi Tanganyika kabla ya kuajiriwa na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Mwaka 1926 alipanda Uluguru pamoja na wasaidizi wake, akiwemo Salimu bin Asmani, fundi wa kuchuna na kuhifadhi aliyesafiri naye kwa miaka mingi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, alichokiandika na Thomas Barbour na kikatoka 1928, kililinganisha watambaazi na vyura wa Uluguru na wale wa Usambara, na wataalamu wangali wanakirejea.

Mwaka huohuo wa 1926 Loveridge alishiriki safari ya aina nyingine. William Mann, mkuu wa bustani ya wanyama ya Washington, alikuja Tanganyika kwa fedha za Walter Chrysler, tajiri wa magari, kutafuta wanyama hai. Kambi yao kuu ilikuwa Dodoma. Waliondoka na wanyama na ndege zaidi ya 1,000, wakiwemo mamia ya kobe. Safari ilipewa jina la Chrysler. Waliowaokota kobe hao hakuna anayewataja.

Meli ilichukua wiki nyingi. Shehena ya ndege ilipunguza muda huo hadi siku moja au mbili, na kinyonga ambaye angekufa njiani akaanza kufika mzima Frankfurt au Miami. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 Tanzania ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinyonga na mijusi hai barani Afrika. Wanunuzi walikuwa watu wa kawaida wenye kioo cha kufugia sebuleni. Nchini Marekani, tena, mjusi akishaingia anaweza kuendelea na safari kwa vifurushi vya usiku mmoja, maana kampuni kubwa za vifurushi hupokea watambaazi kwa masharti, na hata posta ya huko inakubali mijusi wadogo wasio na madhara, ingawa inakataa nyoka na kobe.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulianza kazi 1975, na Tanzania ikawa mwanachama 1980. Vinyonga wengi walikuwa wameshaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili tangu 1977, maana yake wanauzwa kwa kibali na kwa hesabu. Wale wadogo wa kahawia wanaoishi kwenye majani makavu chini ya msitu walisahauliwa. Mmoja wao, kinyonga kibete wa Uluguru, alipewa jina la kisayansi mwaka 1996 tu, na kundi lake likaingizwa kwenye orodha baada ya mkutano wa CITES wa Johannesburg wa 2016. Kwa karibu miaka 40, katika mlima uleule, mkubwa alihesabiwa na mdogo akapita bila kuulizwa.

Mjusi wa buluu naye hakuwemo kwenye orodha. Kimboza ni msitu wa hifadhi wa lindimaji, na Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumkamata humo. Basi akasafiri kwa majina ya mijusi wengine wa ukoo wake. Mkaguzi anayefungua sanduku saa nane za usiku, mbele yake vikopo kadhaa vya mijusi wadogo, angejuaje?

Watafiti kutoka Ujerumani waliochunguza jambo hili, na kuchapisha matokeo yao 2012, walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua kati ya mijusi 32,310 na 42,610 kuanzia Desemba 2004 hadi Julai 2009. Hiyo ni kama asilimia 15 ya mijusi wote wa aina hiyo waliokuwepo. Idadi hiyo inatisha, lakini namna walivyokamatwa ndiyo inayoniudhi zaidi. Mjusi huyu hujificha juu, kati ya majani ya mkadi, na mkamataji mwenye haraka hapandi mti wa miiba: anaukata. Mti mmoja huwa na dume mmoja mwenye himaya na jike mmoja au wachache. Mkadi uliokua kwa miaka mingi ukaangushwa kwa ajili ya mijusi wawili watatu, na waliosalia wakakosa pa kukaa. Msitu wenyewe tayari ulikuwa unavamiwa na msedrela, mti wa kigeni uliopandwa zamani kwa ajili ya mbao.

Mkoa huohuo wa Morogoro una mfano wa safari iliyofanywa kwa uwazi, ingawa msafiri alikuwa chura. Bwawa la umeme la Kihansi lilipopunguza maji ya maporomoko, vyura wadogo wanaoishi kwenye manyunyu yake walianza kufa. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa kwa ndege kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka uliofuata 100 walirudishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Chura huyo yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kwa hiyo nchi inayotoa na inayopokea zote zilitakiwa kutoa kibali, na kila aliyegusa sanduku alijua ndani mna nani.

Serikali, kwa upande wake, ilisukumwa zaidi na wanyama wakubwa. Mwaka 2010 twiga wanne walipakiwa kwenye ndege uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Mwaka 2016 tumbili 61 walizuiwa uwanjani hapohapo wakielekea Albania, na Mei mwaka huo Waziri wa Maliasili na Utalii, Profesa Jumanne Maghembe, alipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwa miaka mitatu. Wafanyabiashara walilalamika kwamba wanyama wamebaki mabandani wakila bila kuuzwa. Mwanzoni mwa Juni 2022, marufuku ikiwa bado haijaondolewa, mamlaka ya wanyamapori, TAWA, ilitangaza kuwapa miezi sita wauze waliobaki. Tangazo hilo halikumaliza hata wiki, likasitishwa na Waziri Pindi Chana.

Mjusi wa Kimboza asingenufaika wala kudhurika kwa tangazo hilo. Tanzania na Umoja wa Ulaya walikuwa wamepeleka jina lake Johannesburg, na tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya mnyama aliyekamatwa porini hairuhusiwi kabisa. Wanaoendelea kuuzwa kihalali Ulaya ni wale waliozaliwa kwenye vioo huko huko, na muuzaji anatakiwa awe na cheti chenye jina halisi la mjusi.