Sadako Ogata na mtihani wa mpaka wa Gisenyi

Vijana wenzangu, UNHCR tunaijua kwa kadi, hema na foleni. Walioiongoza hatuwajui sana. Leo tumwangalie mmoja ambaye mtihani wake mgumu ulipitia hapa hapa Gisenyi: Sadako Ogata wa Japani.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1927, baba yake akiwa mwanadiplomasia. Inukai Tsuyoshi, Waziri Mkuu aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1932, alikuwa wa ukoo wake. Ogata alisoma, akawa profesa, akaiwakilisha Japani kwenye Umoja wa Mataifa. Mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi.

Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache tu. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Halafu ikaonekana shida nyingine: katika kambi za Mugunga, Katale na Kibumba, walioendesha mauaji walikuwa katikati ya mama na watoto. Walishika ugawaji wa chakula, wakatisha waliotaka kurudi nyumbani, wakajipanga kwa vita.

Ogata aliomba askari wa kimataifa wawatenge wenye silaha na raia. Nchi hazikuwatoa. Madaktari wa Médecins Sans Frontières ya Ufaransa wakaondoka, wakikataa msaada wao uwalishe wauaji. Yeye akabaki, na mwaka 1995 UNHCR ikawalipa askari wa Zaire kulinda kambi. Utulivu ukaongezeka kidogo, ila wauaji hawakutengwa. Mwezi wa 11 mwaka 1996 vita vikavunja kambi. Mamia ya maelfu wakarudi Rwanda kwa mpaka uleule. Wengine wakakimbilia misitu ya Zaire, na wengi walifia huko.

Je, alikosea kubaki? Mimi naona hapana, maana mtoto mwenye njaa hana kosa. Lakini sahani ya chakula haiwezi kufanya kazi ya askari wala ya hakimu. Ogata mwenyewe alirudia kusema kwamba matatizo ya kibinadamu hayamalizwi na msaada peke yake, yanataka siasa.

Aliacha UNHCR mwaka 2000, akaongoza shirika la JICA, akafariki 2019 akiwa na miaka 92. Kwa hiyo ndugu zangu, nanyi mnaofanya kazi ya msaada, tukiona malori yanaongezeka mpakani, tushukuru. Ila tuulize pia: wenye uwezo wa kuzima vita wako wapi?